Januari Mosi

Taa ya kijani imewaka, feni inazunguka,
skrini nyeusi tii.

Ndahani ameegemea kaunta yangu,
pikipiki yake hajaizima.
"Umeme si upo, dada Damari?"
Umeme upo. Ni mwingine ambaye hayupo.

Anataka mkataba: ekari sita za alizeti, Pandambili.
Mwenye shamba anapanda basi la saa nane.
Sasa ni saa sita na nusu, na hapa Kibaigwa
saa sita na nusu upepo huingia bila hodi
ukitoka sokoni na pumba za mahindi ya watu.

Naanza na makosa madogo, yale ya aibu.
Waya wa skrini umekaza. Nauchomoa, nauchomeka,
nauchomoa tena, kama anayemtikisa mtu
akijua kabisa si usingizi.
Naazima skrini ya Chiwanga kinyozi,
ananikabidhi na nywele za mteja juu yake.
Nyeusi.
Basi jicho halina kosa;
halijaletewa kitu cha kuona.

Nategesha sikio. Zamani ilikuwa ikilia pii, mara moja,
Sechelela akisema ndiyo salamu yake.
Leo haisalimu. Inavuma tu,
kama mjumbe anayetikisa kichwa kikao kizima
na hajui ajenda.

Nazima. Nailaza ubavu juu ya khanga.
Bisibisi ya cherehani inatosha.
Ndani:
vumbi jekundu la miaka, laini kama poda,
pumba, mbegu mbili za alizeti,
na buibui mwenye nyumba ya joto kuliko yangu.
"Dada, humu hata kuku angeshiba."

Dada yangu mimi alinifundisha: usipulize kwa mdomo,
mate ni maji. Tumia brashi ya rangi.
Na kile kijiti cha kumbukumbu kichomoe polepole,
meno yake ya dhahabu uyasugue kwa ufutio wa shule.
Nilimuuliza siku ile: tunakifuta ili kikumbuke?
Akasema, we sugua.

Nasugua.
Nakirudisha, nakibonyeza mpaka kinalia tak, na tak.
Nawasha. Feni.
Nyeusi.

Saa saba na robo Ndahani akazima pikipiki;
hapo nikajua ameogopa.
Imebaki karata moja: betri ndogo, duara kama sarafu,
inayotunza saa wakati mashine imelala.
Naitoa kwa ukucha. Nahesabu hadi mia moja,
Ndahani naye anahesabu, kanitangulia kwa kumi.
Narudisha. Nawasha.

Pii.

Ikaja taratibu ile picha ya maua
ambayo sijawahi kuibadilisha,
na chini kabisa pembeni:
saa sita usiku, Januari mosi, 2009.

Sechelela yu mzima.
Ameinunua mashine hii kwenye mnada mjini Dodoma,
ameipakata ndani ya fuso, juu ya magunia ya chumvi,
anabishana na utingo kwamba huu si mzigo,
huyu ni abiria, na nauli yake amekwisha kulipa.
Bado hajaanza kukohoa.

"Dada Damari. Mkataba."

Naandika. Ekari sita, msimu mmoja, laki tatu,
mashahidi wawili na dole gumba.
Tarehe hujijaza yenyewe. Najua pa kuirekebisha,
ni kubofya mara tatu.
Mkono haukwenda.

Saa tisa amerudi, karatasi imekunjamana,
mtendaji wa kijiji amegoma kugonga muhuri,
na nyuma yake mwenye shamba, amekosa basi, amenuna.
"Siku hii uliyoniandikia mimi niko darasa la tatu!"
Nikaomba radhi. Nikawachapia nyingine bure,
ya tarehe ya leo, yenye vumbi la leo.

Ile ya kwanza iko kwenye droo,
chini ya ufutio.